Somo la Kuangusha

Kocha Zaven hakuanza na kunyanyua.
Miezi miwili ya mwanzo, katika ukumbi wa Gyumri,
mabomba ya joto yakikohoa usiku kucha,
alitufundisha kuangusha:
chuma kikikushinda usikigombanie,
kiachie mbele, wewe ruka nyuma;
au kiachie nyuma, wewe toka mbele
kama mtu aliyeitwa mlangoni.
Tukaangusha mpini wa ufagio. Tukaangusha bomba tupu.
Tukaangusha hadi sakafu ikatuzoea.

Nilichukia.
Tangu darasa la tatu niliambiwa, "Huyu ana damu ya vyuma,"
kwa kuwa babu aliwahi kubeba jiwe la kinu
kutoka mtoni hadi kanisani, kwa dau la kondoo.
Sifa ile niliivaa kama koti la kuazima:
mvuani hutoki nalo,
huketi popote,
usije ukalirudisha na doa.

Nazeli hakuwa na damu ya kitu.
Magoti yake yalisalimiana akitembea.
Kilo arobaini zilimlaza chali mbele ya wavulana,
akalia, machozi na chaki vikawa uji usoni,
kisha, kabla hajajifuta, akauliza
swali nisilowahi kuuliza mimi:
"Nimekosea wapi, kocha? Kifundo, au pumzi?"

Kocha alikuwa na daftari la kijani, la hesabu za duka.
Hakuandika kilichonyanyuliwa.
Aliandika kilichoanguka, na kwa nini.
Ukurasa wa Nazeli ulijaa hadi pambizoni,
mwandiko ukipanda ukutani kama mchwa.
Wangu ulikuwa mweupe,
theluji ambayo hakuna aliyeikanyaga,
nami nikajivunia weupe ule,
nisijue ni weupe wa mtu
asiyegusa kitu asichojua mwisho wake.

Yerevan, mwezi wa tatu. Kilo sabini na tisa.
Taa nyekundu.
Taa nyekundu tena.
Mara ya tatu waliita jina langu hadi saa ikaisha
nami nimeketi nyuma ya pazia.
Nilisema ni bega.
Zaven akanifunga barafu, taratibu, kwa mikono miwili,
juu ya bega lisilouma.
Hakusema neno.
Huo ndio uzito ambao hadi leo
sijui niuachie mbele au nyuma.

Miaka sita sasa naoka mikate, kona ya pili kutoka ukumbini.
Alfajiri Nazeli hupita, kofia ya sufu hadi nyusini,
viatu vyake vya kazi vimening'inia shingoni.
Jumamosi nilimwona kwenye televisheni:
kilo tisini na nane zikapanda,
zikakaa juu yake pumzi moja, pumzi na nusu,
zikaanguka nyuma,
naye akatoka mbele kama mtu aliyeitwa.

Jana aliponunua mkate nilimpa pole,
sauti nimeilainisha, uso nimeuandaa.
Kusema kweli nilitaka alie kidogo.
Machozi yake yangenikalia vizuri.
"Kiwiko cha kushoto," akasema, huku akitafuna.
"Kilichelewa."
Alisema kama fundi anayezungumzia bawaba ya mlango wa jirani.
Akahesabu chenji, akaniachia baridi ya nje, akaenda.

Leo unga umenikataa.
Nimeubandika kwenye ukuta wa tanuri, ukashika, ukalegea,
ukadondokea makaa.
Miaka sita nimekuwa nikiichota ile iliyoungua
na kuifukia chini ya majivu kabla mwenye duka hajafika.
Leo nimeutoa kwa koleo, nikauweka juu ya meza.
Upande mmoja mweusi, upande mmoja mbichi.
Nimeutazama muda mrefu.
Ukuta haukuwa umepata moto, au mkono wangu uliogopa?

Nimepekua droo zote.
Lazima kuna kalamu mahali fulani.